Talaka Tanzania Bara: Mahakama Inauliza Nini, na Kwa Nini Wengi Hujibu Swali Lingine

Mtu anaposema "nataka talaka", mbele ya sheria anakuwa ameomba mambo manne kwa mkupuo: ndoa ivunjwe, mali igawanywe, watoto wapangiwe pa kukaa, na matunzo yaamuliwe. Kila jambo lina kipimo chake na ushahidi wake. Wengi hufika mahakamani wamejiandaa kwa swali moja tu, la nani alimkosea nani, na hilo ndilo linalopungua uzito haraka kuliko yote mara mazungumzo yanapofika kwenye nyumba na watoto. Fumanizi lina mashahidi wanne, kiwanja hakina hata risiti moja.

Haya yanahusu Tanzania Bara, ambako sheria mama ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29. Inamgusa Mkristo, Mwislamu, aliyeoa kimila na aliyefunga ndoa bomani. Zanzibar ina utaratibu wake, na ndoa za Kiislamu huko hushughulikiwa na Mahakama za Kadhi.

Nani anavunja ndoa

Kwa Bara, anayevunja ndoa ni mahakama. Si kikao cha ukoo, si mchungaji, si shehe, si mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wala si karatasi ambayo wanandoa wameandikiana mbele ya mashahidi. Kurudisha mahari hakuvunji ndoa, kama ambavyo kutomaliza mahari hakuifanyi ndoa kuwa batili. Kukaa mbali miaka kumi nako hakutoshi. Mnabaki kuwa mume na mke mlioachana makazi.

Hapo ndipo Waislamu wengi hukwama. Mume ameandika talaka tatu, eda imeisha, mke ameolewa kwingine, na kila mtu anaamini jambo limekwisha. Sheria haiipuuzi talaka hiyo, ila inataka ije kwa mpangilio. Kifungu cha 107(3) kinasema: kama wanandoa walifunga ndoa ya Kiislamu, Baraza la Usuluhishi likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha, na *baada ya hapo* mmoja wao akafanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu lingevunja ndoa, basi mahakama itaona kwamba ndoa imevunjika na itatoa talaka. Kwa hiyo Baraza linatangulia, talaka inafuata, kisha mahakama. Ukitanguliza talaka na kuacha Baraza, umefika mahakamani mikono mitupu.

Kwa Wakatoliki hali ni hiyohiyo kwa upande wa pili. Uamuzi wa mahakama ya Kanisa kwamba ndoa ilikuwa batili haubadilishi chochote kwenye kumbukumbu za serikali, na talaka ya mahakama ya serikali haimfungulii mtu njia ya kufunga ndoa nyingine kanisani. Ni milango miwili, na kila mmoja una ufunguo wake.

Baraza la Usuluhishi: hatua inayoua mashauri mengi

Kabla ya kufungua shauri la talaka, mgogoro lazima upite kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Sheria inataka kila kata iwe nalo, na jumuiya za dini nazo zinaweza kuwa na mabaraza yao yaliyotambuliwa na Waziri. Baraza huwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Kwa kawaida unakwenda kwenye kata anakoishi mume. Kama wote ni wa jumuiya moja ya dini yenye baraza lililotambuliwa, mnakwenda huko. Wakili hawakilishi mtu mbele ya Baraza.

Baraza linamwita mwenzako, linawasikiliza wote, linajaribu kuwapatanisha. Likishindwa, linatoa hati inayosema hivyo na kueleza lililobaini. Hati hiyo, ambayo wengi wanaijua kama Fomu Namba 3, ndiyo inayoambatanishwa na maombi ya talaka, nayo isiwe imetolewa zaidi ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Aliyepata hati Januari akaja kufungua Septemba anarudishwa kuanza upya.

Makosa ya hapa yanajirudia mno, na mengi si ya mwombaji bali ya wanaoandika hati. Barua ya mtendaji inayosema "wahusika wamefika ofisini, tunaomba wapewe msaada" si hati ya Baraza. Hati inayosema "Baraza limevunja ndoa na kugawa mali nusu kwa nusu" imebeba mamlaka ambayo Baraza halina. Nyingine imegongwa muhuri wa Baraza la Kata lililozoea migogoro mingine, bila kuonyesha popote kwamba wajumbe walikaa kama Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Nyingine haionyeshi kama mwenzake aliitwa. Soma hati yako kabla ya kutoka ofisini: majina yenu kamili, tarehe ya kikao, maneno yanayosema wazi kwamba usuluhishi umeshindikana, sahihi na muhuri.

Msisitizo huu si wa bure. Mahakama ya Rufani, ambayo ndiyo ya mwisho, imewahi kufuta mwenendo mzima kuanzia mahakama ya chini kabisa kwa sababu tu hati ya Baraza haikuwepo. Miaka ya kesi inafutika, mali zilizokwisha gawanywa zinarudi kwenye mgogoro, na watoto waliokwisha zoea nyumba mpya wanarudi kwenye sintofahamu.

Kifungu cha 101 kinaruhusu kuruka Baraza katika mazingira machache: mwenzako amekutelekeza na hujui aliko, yuko nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita, ameitwa na Baraza akakataa kwa makusudi, amefungwa maisha au miaka isiyopungua mitano, ana ugonjwa wa akili usiotibika, au mahakama imeridhika kwamba kuna mazingira ya pekee yanayofanya usuluhishi usiwezekane. Anayepigwa nyumbani na kuogopa kukaa chumba kimoja na mpigaji aijue njia hii ya mwisho, lakini aiombe mahakamani kwa maelezo na ushahidi, asijiamulie mwenyewe kwamba Baraza halimhusu.

Kuthibitisha kwamba ndoa imekufa

Mamlaka ya kusikiliza yako kwa pamoja kwa Mahakama Kuu, Mahakama ya Hakimu Mkazi, Mahakama ya Wilaya na Mahakama ya Mwanzo. Ndoa isiyotimiza miaka miwili haiombewi talaka bila kibali cha mahakama, na kibali hutolewa kwa anayeonyesha kwamba anapata mateso yasiyo ya kawaida.

Kinachotakiwa kuthibitishwa ni kimoja: kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kifungu cha 107 kinaorodhesha mambo yanayoweza kuonyesha hivyo, yakiwemo uzinzi, ukatili wa mwili au wa akili dhidi ya mwenza au watoto, kutojali kwa makusudi, kumtelekeza mwenza kwa miaka isiyopungua mitatu, kutengana kwa hiari kwa muda huohuo, na kifungo cha miaka mitano au zaidi. Hakuna ulazima wa kuthibitisha yote, na hakimu anaweza kupima mengine ambayo hayamo kwenye orodha.

Makubaliano yenu pekee hayatoshi. Hata mkifika mmeshikana mikono na kusema "tumekubaliana", mahakama ina wajibu wa kuchunguza kama ndoa kweli imevunjika, kama mpango wa mali ni wa haki, na kama watoto wamewekewa utaratibu unaoeleweka. Makubaliano huharakisha kazi hiyo, hayaiondoi.

Mali: hapa ndipo kesi ilipo

Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali zilizochumwa kwa nguvu za pamoja wakati wa ndoa. Hakimu anaangalia mila za jamii ya wahusika, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyochukuliwa kwa manufaa ya wote, na mahitaji ya watoto. Akishapima hayo, sheria inamtaka aelekee kwenye usawa. Kuelekea usawa si sawa na nusu kwa nusu, na anayekuhakikishia nusu kabla hajaona nyaraka zako anakudanganya.

Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilimaliza ubishi uliokuwa umewagawa majaji: kazi za nyumbani, yaani kupika, kulea na kutunza nyumba, ni mchango katika kuchuma mali. Mama wa nyumbani hatoki mikono mitupu kwa sababu tu hakuwa na mshahara. Ila watu husimulia nusu ya kwanza ya hukumu hiyo na kuacha ya pili. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao, kwa sababu mahakama iliona kwamba fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia alizitapanya. Kanuni ilisimama, mwenye shauri akakosa.

Hukumu hiyo inaonyesha pia makosa ya mtu yanapogusa mali. Kifungu cha 114 hakisemi kwamba aliyezini anapoteza mgao wake. Kinachopunguza mgao ni kuila mali yenyewe. Mume aliyeuza gari akamalizia kwenye pombe anaguswa hapo. Mke aliyefumaniwa lakini miaka kumi na mitano amesimamia duka la familia ana mchango wake palepale. Lawama ya kuvunjika kwa ndoa hupimwa zaidi wakati wa kukadiria matunzo ya mwenza.

Chukua mfano huu. Mume alinunua kiwanja mwaka 2012 kwa shilingi milioni 4, akafunga ndoa mwaka 2015, na nyumba ikajengwa kati ya 2016 na 2020. Mauziano yana jina lake peke yake. Sheria inaanza na dhana kwamba mali yenye jina la mmoja ni yake, lakini dhana hiyo inaweza kupinduliwa kwa ushahidi. Kiwanja kilikuwa chake kabla ya ndoa, ila mali ya kabla ya ndoa iliyoendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake, au kwa nguvu za pamoja, inaingia kwenye mgawanyo. Swali la hakimu kwa mke litakuwa: ulichangia nini kwenye uendelezaji huo?

Jibu la "nilichangia sana" halina uzito. Majibu yenye uzito ni daftari la VICOBA, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, linaloonyesha mkopo wa mwezi fulani, taarifa ya benki inayoonyesha fedha hizo zikitoka, risiti za saruji na nondo za wiki ileile, na fundi anayekuja kusema aliyekuwa akimlipa Jumamosi ni nani. Kama mchango ni wa malezi na kazi za nyumbani, useme kwa kina: ni nani alikuwa akibaki na watoto mume anaposafiri, nani alipika chakula cha mafundi, nani alisimamia tofali zisiibwe. Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi, ikiwemo katika shauri la Gabriel Nimrod Kurwijila dhidi ya Theresia Hassani Malongo, kwamba kiasi cha mchango ni jambo la ushahidi.

Nyaraka kuambatanishwa kwenye maombi si sawa na kupokelewa. Siku ya ushahidi lazima uiombe mahakama iipokee kila moja kama kielelezo. Isipopokelewa, hakimu hana ruhusa ya kuitegemea, hata kama ameiona ndani ya jalada. Picha za skrini za ujumbe wa simu zinakubalika chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, mradi uonyeshe zilivyopatikana, zilivyohifadhiwa na kwamba hazijachezewa. Mtu asiye na wakili ndiye huumia zaidi hapa. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo lugha si kikwazo tena. Utaratibu bado ni kikwazo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na mtu aliyeandaliwa nao hata kwa siku chache huonekana tofauti kizimbani.

Kisa kigumu kuliko vyote ni nyumba iliyojengwa kwenye ardhi ya baba mkwe. Wanandoa wamejenga vyumba vitatu nyuma ya nyumba ya wazee, hakuna maandishi, na siku ya mgawanyo mzee anasimama: ardhi ni yangu, nyumba nimejenga mimi. Mahakama haigawi mali ya mtu ambaye si mume wala mke. Kinga pekee ni kuandikishana kabla ya msingi kuchimbwa, mbele ya uongozi wa mtaa, kwamba eneo limetolewa kwa wanandoa. Kuomba karatasi kwa mkwe ni jambo la aibu, naelewa, lakini anayelipa gharama ya aibu hiyo baadaye ni mtu mmoja.

Mali ikianza kuhamishwa kwa ndugu wakati mgogoro unaendelea, usingoje hukumu. Nyumba ya familia haiuzwi, haiwekwi rehani wala haigawiwi bila ridhaa ya mwenza, na mwenza anaweza kuweka zuio kwenye ofisi ya ardhi ili miamala isipite kimyakimya. Mahakama nayo inaweza kuombwa izuie uuzaji mpaka shauri liishe.

Watoto

Malezi ya watoto hayatolewi kama zawadi kwa mzazi mwema. Sheria ya Ndoa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 zote zinaweka ustawi wa mtoto mbele ya kila kitu. Mtoto wa chini ya miaka saba anachukuliwa kuwa afadhali akae na mama, ila baba anaweza kuonyesha vinginevyo. Imani iliyoenea kwamba mtoto akitimiza miaka saba anahamia kwa baba haimo kwenye sheria. Akifika saba, dhana ya kumpendelea mama inaisha tu, na mahakama inapima bila kuegemea upande. Hoja kwamba "watoto ni wa ukoo wa baba kwa sababu mahari ililipwa" inasikilizwa kama mila, chini kabisa ya ustawi wa mtoto.

Hakimu hutaka kujua mtoto analala wapi, anasoma wapi, nani anamwamsha na kumpeleka zahanati. Afisa ustawi wa jamii anaweza kutumwa kutembelea nyumba zote mbili na kuandika taarifa. Mtoto mwenye umri wa kujieleza husikilizwa, na watoto wa tumbo moja si lazima wakae pamoja. Mahakama huchukia kumhamisha mtoto huku na huko, hivyo mzazi anayeondoka nyumbani kwa hasira na kuwaacha watoto miaka miwili kabla ya kufungua shauri amejijengea ukuta mwenyewe, hata kama aliondoka kwa sababu za haki. Ukiondoka kwa usalama wako, ripoti mapema polisi au ustawi wa jamii, kwa maandishi.

Mtoto ana haki ya kumwona mzazi asiyeishi naye, isipokuwa pale inapovuruga masomo au usalama wake. Omba siku zitajwe. Amri inayosema "mdaiwa ataruhusiwa kuwaona watoto" bila zaidi ni mbegu ya ugomvi wa kila Jumamosi. Iandikwe: wikiendi zipi, kuanzia saa ngapi, nani anampeleka na nani anamrudisha, nusu ya likizo ya Juni na ya Desemba, simu jioni zipi. Na vitu viwili vitenganishwe kabisa: asiyetoa matunzo hanyimwi watoto kama adhabu, na anayenyimwa watoto hasimamishi matunzo kulipiza. Kila moja lina maombi yake mahakamani, na anayechanganya hujikuta ndiye mkaidi wa amri.

Matunzo

Wajibu wa kuwatunza watoto uko kwanza kwa baba, na unahamia kwa mama baba akifariki, asipojulikana alipo au akiwa hana uwezo. Usiombe "kiasi ambacho mahakama itaona kinafaa". Peleka hesabu ya mwezi: chakula, pango, ada, sare, usafiri, matibabu, pamoja na kitu chochote kinachoonyesha kipato cha mwenzako, kama hati ya mshahara, leseni ya biashara au picha ya lori analolifanyia kazi.

Matunzo ya mwenza baada ya talaka ni jambo lingine, na hutolewa pale tu mahakama inapoona sababu maalumu. Kwa ndoa ya Kiislamu iliyovunjwa na mume, matunzo ya mke hufuata kipindi cha eda. Mwanamke anaweza kuamriwa kumtunza mume asiyeweza kujitafutia kwa sababu ya ulemavu au ugonjwa.

Walioishi bila ndoa

Imani ya mtaani kwamba mkiishi pamoja miezi sita mmeshakuwa mume na mke haimo kwenye sheria. Kifungu cha 160 kinasema miaka miwili au zaidi ya kuishi pamoja mpaka jamii ikawaona kama mume na mke huzaa dhana ya ndoa, nayo inaweza kukanushwa, kwa mfano kwa kuonyesha kwamba mmoja alikuwa na ndoa ya mke mmoja ambayo haijavunjwa. Dhana ikikanushwa hakuna talaka ya kutoa, lakini mwanamke bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto pamoja na nafuu nyingine, na mahakama zimekuwa zikigawa mali waliyochuma pamoja.

Baada ya hukumu

Omba mapema nakala ya hukumu na ya tuzo, yaani amri rasmi inayotokana na hukumu hiyo, maana bila hizo huwezi kusajili talaka RITA, wakala wa serikali unaosajili ndoa na talaka, wala kukata rufaa. Rufaa ya kwenda Mahakama Kuu ina siku 45. Hakuna mtu wa kupita nyumbani kukugawia. Mwenzako asipotii, unafungua maombi ya kukazia hukumu, yaani kuilazimisha itekelezwe, na deni la matunzo linaweza kufuatwa mpaka kwenye sehemu ya mshahara inayoruhusiwa kukamatwa. Mpaka siku ndoa inapovunjwa mahakamani, mmoja akifariki mwingine ni mjane au mgane mwenye madai yake, hata kama walitengana zamani. Baada ya siku hiyo si mrithi tena, na majina ya wategemezi kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii na bima ya afya hayajibadilishi yenyewe.

Amri za matunzo na malezi hubadilika mazingira yakibadilika: mzazi amehamishwa kikazi kutoka Mwanza kwenda Lindi, ada imepanda mtoto alipoingia sekondari, au aliyepewa watoto ameanza kuwatelekeza kwa bibi. Unarudi mahakama iliyotoa amri, ukiwa na ushahidi wa mambo yaliyotokea baada ya ile hukumu. Mgawanyo wa mali haurekebishwi kwa njia hiyo. Aliyesahau kutaja shamba la Handeni kwenye maombi yake ya mwanzo hawezi kuliingiza kupitia mlango wa watoto.